Vifaa vya Kufundishia Kiingereza katika Shule za Sekondari za Tanzania: Orodha ya Maneno, Kamusi na Kitabu Teule

Habari za mafundisho ya Kiingereza katika Tanzania zimeandikwa sana kwa upande wa sera, yaani lugha gani itumike shuleni na kuanzia darasa lipi. Vifaa vyenyewe, yaani vitabu ambavyo mwalimu huvishika mkononi aingiapo darasani, havikuangaliwa kwa kadiri ile. Walakini kila kitabu cha kufundishia lugha kimebeba ndani yake wazo fulani juu ya namna mtu anavyojifunza, hata kama mwalimu anayekitumia halijui wazo hilo. Makala haya yachungua vifaa vitatu ambavyo vimekuwa na nguvu katika somo la Kiingereza la sekondari: orodha ya maneno yaliyochaguliwa, kamusi, na kitabu teule cha fasihi. Katika vyote vitatu swali moja hurudi: je, Kiswahili alichokuja nacho mwanafunzi kina kazi gani katika somo la Kiingereza?

Yafaa kuanza mbali kidogo, kwa kuwa kifaa cha kwanza hakikuzaliwa Afrika. Michael West, mwalimu Mwingereza, alifanya kazi Bengal na akasimamia chuo cha ualimu mjini Dacca. Katika kitabu chake juu ya uwililugha, kilichotoka mwaka 1926, aliangalia jambo ambalo wakubwa wa elimu walikuwa wakilipita: watoto wengi huacha shule kabla ya kuufikia mwisho wa masomo. Kwa hiyo aliuliza, yule anayeacha baada ya mwaka mmoja au miwili amepata faida gani ya kuondoka nayo? Jina la faida hiyo alilitwaa katika biashara ya bima, ambako mtu akivunja mkataba kabla ya muda wake hurudishiwa kiasi fulani cha fedha alizolipa. Kusema Kiingereza nusunusu, alifikiri West, hakumfai mtoto wa kijijini. Lakini kuweza kusoma kitabu chepesi kwamfaa, hata kama ataondoka kesho.

Kutokana na wazo hilo vilitungwa vitabu vya kusoma ambavyo maneno yake yamehesabiwa. Neno jipya huingizwa polepole, kisha hurudiwa mpaka likae. Mikutano ya wataalamu ilifanyika New York mwaka 1934 na London mwaka 1935, na mwaka 1936 ikatoka taarifa juu ya uteuzi wa msamiati, ambayo West aliiandaa pamoja na Harold Palmer, Lawrence Faucett na wenzao. Mwisho wa kazi hiyo ulionekana mwaka 1953, ilipochapishwa orodha ya West ya maneno ya kawaida yapatayo 2,000, yenye hesabu ya mara ngapi kila maana ya neno hutokea katika maandiko ya Kiingereza yenye maneno milioni 5. Waandishi wa vitabu vya shule katika sehemu nyingi za dunia wameitumia orodha hiyo kuwa kipimo chao.

Hapana shaka orodha ya namna hii ina manufaa makubwa. Humzuia mwandishi asimlundikie mwanafunzi maneno, na humpa mwalimu namna ya kujua kitabu kipi ni cha darasa lipi. Lakini hesabu hutegemea kilichohesabiwa. Maandiko yaliyohesabiwa yalikuwa ya Waingereza na Wamarekani, na kwa hiyo theluji imo katika orodha, na muhogo haumo. Ila kubwa zaidi ni kwamba orodha hupima ugumu wa neno kwa wingi wa matumizi yake katika Kiingereza, ilhali kwa mwanafunzi ugumu hutoka pia katika lugha anayoijua tayari. Neno "hand" ni la kawaida mno, na "arm" vilevile. Walakini anayesema Kiswahili huyaona yote mawili katika neno moja, mkono, kama aonavyo "leg" na "foot" katika mguu. Neno "marry" ni jepesi kwa hesabu ya West, lakini kwa Mswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na kitenzi kimoja kinachowafaa wote wawili chahitaji kuelezwa. Mtu husikia sauti, husikia njaa, husikia baridi. Kiingereza chatenganisha "hear" na "feel". Kuazima huweza kuwa kazi ya mwenye kutoa na ya mwenye kupokea. Kiingereza chataka "lend" na "borrow". Kwa upande mwingine, mpunga, mchele na wali ni vitu vitatu kwa mpishi wa Kyela au wa Unguja, na Kiingereza kimeridhika na "rice". Makosa ya wanafunzi katika maneno hayo hayatoki katika uvivu. Yana kanuni yake, na kanuni hiyo yajulikana tu kwa kuzilinganisha lugha mbili.

Kifaa ambacho kwa umbo lake hulinganisha lugha mbili ni kamusi, na hapa Afrika ya Mashariki ina urithi mkubwa. A. C. Madan wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyokuwa na makao Unguja, alitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894, na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, ilizijenga upya kazi hizo chini ya uongozi wa Frederick Johnson, na kamusi zote mbili zikatoka mwaka 1939, Johnson akiwa amekwisha fariki. Kwa miaka mingi hizo ndizo zilizokuwa kamusi za shule.

Lakini zilitungwa kwa ajili ya nani? Kwa umbo lake zilimfaa hasa mgeni: mmisheni, ofisa, au mfanyi biashara ajuaye Kiingereza naye akitafuta namna ya kusema Kiswahili. Mtu huyo akifungua neno la Kiingereza hahitaji kuelezwa maana yake, wala umbo la wakati uliopita, wala kiambishi kinachofuatana nalo. Ahitaji maneno ya Kiswahili ya kuchagua, na kadiri yalivyo mengi ndivyo anavyofurahi. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza huifungua kamusi ileile kwa haja iliyo kinyume. Maneno sita ya Kiswahili mbele yake ayajua yote. Asilolijua ni lile la Kiingereza, na hilo halielezwi. Hivyo kifaa kilichokuwa madarasani kwa miaka mingi kilielekea upande ambao mwanafunzi hakuwako.

Dawa ya kasoro hii ilitafutwa katika kamusi wahidiya, yaani ya lugha moja. West mwenyewe, pamoja na James Endicott, alitoa mwaka 1935 kamusi ndogo iliyoeleza maneno na misemo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. A. S. Hornby na wenzake waliitunga huko Japani kamusi iliyotoka Tokyo mwaka 1942, ikachapishwa tena na Oxford mwaka 1948. Hiyo ilionyesha jinsi kila kitenzi kinavyojenga sentensi. Vilikuwa vitabu bora, na thamani yake haikuisha. Lakini kwa kuwa viliweza kuuzwa katika kila nchi bila kubadilishwa, havikuweza kumwambia Mswahili jambo lolote kuhusu mkono wala kuazima.

Jambo lililokuwa desturi ya wachapaji likapata nguvu ya kanuni mwanzoni mwa mwaka 1961, mkutano wa Jumuiya ya Madola juu ya kufundisha Kiingereza ulipokusanyika katika Chuo cha Makerere, Uganda. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa lugha, aliyafupisha mawazo ya mkutano huo katika mambo matano: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni mzaliwa wa lugha, kwamba kianzwe mapema, kwamba kadiri kinavyofundishwa zaidi ndivyo matokeo yanavyokuwa mema, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango chake kitashuka. Phillipson aliyaita yote matano makosa. Hata asiyekubaliana naye kabisa hana budi kuona matokeo ya jambo la kwanza: likifuatwa, ulinganisho wa lugha mbili huondolewa katika kitabu cha mwanafunzi, nao ndio ungalieleza makosa yake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huohuo.

Kifaa cha tatu, kitabu teule, kilikwenda njia yake. Chini ya mtihani wa Cambridge tamthilia za Shakespeare zilikuwa miongoni mwa vitabu vya kutahiniwa. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Tafsiri hizo husifiwa kwa kuonyesha uwezo wa Kiswahili, na ndivyo ilivyo. Lakini zilikuwa pia zana ya darasa la Kiingereza ambayo darasa halikuitumia. Wakati huohuo mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, ulioanza mwaka 1962 kwa Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ulileta vitabu ambavyo kijana wa Iringa au wa Tanga angeweza kuviona vyamhusu. Huko Nairobi, mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo ya chuo kikuu. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, ikaunda lake mwaka 1973, na uteuzi wa vitabu ukawa mikononi mwake. Mwaka huo wa 1973 Clement Ndulute alitoa Shujaa Okonkwo, tafsiri ya riwaya ya Achebe. Na mwaka 1975 Paul Sozigwa alitoa Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek. Hivyo kazi zilezile zilipatikana kwa lugha zote mbili. Katika ratiba ya shule, hata hivyo, Kiingereza ni kipindi kimoja na Kiswahili ni kingine, na vitabu hivyo viwili havikukutanishwa juu ya dawati moja.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipima usomaji wa wanafunzi, wakaona kwamba takriban asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne walikuwa wamefikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza kuanza. Maana yake ni nzito: baada ya miaka 4 ya kusoma historia, jiografia na elimu ya viumbe kwa Kiingereza, sehemu kubwa ya wanafunzi walikuwa bado hawajafika mlangoni. Wataalamu hao walishauri Kiingereza kibaki na kiimarishwe, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa kukisaidia kwa fedha za Uingereza. Mradi huo ulitilia mkazo vitabu vya kusoma vilivyopimwa msamiati, yaani wazo lilelile la West. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo A. F. Lwaitama na J. M. Rugemalira, waliukosoa katika kitabu kilichohaririwa na Casmir Rubagumya mwaka 1990.

Kamusi ilibadilika mwisho. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1964 kutokana na Kamati ya zamani, ilitoa kamusi yake ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1996, miaka 57 baada ya ile ya Johnson. Safari hii watungaji walikuwa wanaisimu wenyeji. Hata hivyo kamusi kubwa ni ya mfasiri na ya msomi. Kwa mtoto aliyetoka darasa la saba ni bahari pasipo ngalawa.

Yako mashaka mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba mwanafunzi akipewa Kiswahili ataegemea tafsiri, asifikiri kwa Kiingereza kamwe. Hatari hiyo ni ya kweli palipo na tafsiri ya kila sentensi. Lakini ulinganisho wa makusudi, penye tofauti tu, ni jambo jingine. La pili ni kwamba kwa wanafunzi wengi lugha ya mama ni Kisukuma, Kihaya au Kimaasai. Ni kweli, lakini aliyepita katika shule ya msingi ya serikali amejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na ndiyo lugha ambayo darasa zima hushirikiana.

Kipimo cha West kingali chafaa: anayeacha Kidato cha Nne aondoka na nini? Wengi huishia hapo, na kwao darasa hilo ndilo mwisho wa Kiingereza cha shule. Kazi inayotakiwa si ya kubuni upya. Orodha ya maneno 2,000 ipo. Iliyobaki ni kuipitia neno kwa neno na kutia alama pale Kiswahili na Kiingereza vinapoachana. Kutokana na alama hizo yaweza kutungwa kamusi ndogo ya Kidato cha Kwanza, inayoeleza neno la Kiingereza kwa Kiswahili chepesi, pamoja na mfano mmoja wa sentensi na onyo moja la kosa. Na palipo na kitabu teule ambacho tayari kimefasiriwa, nakala ya Kiswahili iwekwe karibu na ile ya Kiingereza, ili sura moja ngumu isimfungie mwanafunzi kitabu kizima. Kazi hiyo yawafaa wanaisimu na walimu wakiifanya pamoja, maana makosa yanayotakiwa kukusanywa yamo katika madaftari ya wanafunzi.