Seva Chini ya Meza: Java, Umeme na Rejista za Wagonjwa nchini Uganda

Mwanafunzi wa kompyuta hapa Kampala akiulizwa anahitaji nini ili atengeneze programu ya wavuti kwa Java, atakutajia vitu vinne kwa pumzi moja: Java yenyewe, Tomcat, MySQL na Maven. Atavitaja kama mpishi anavyotaja unga, maji, chumvi na mafuta, vitu vilivyokuwapo tangu zamani na visivyo na historia. Nataka kuonyesha kwamba vina historia, na kwamba sura moja muhimu ya historia hiyo iliandikwa Afrika Mashariki, katika kliniki za VVU, miaka michache kabla mikongo ya baharini haijafika Mombasa. Hoja yangu ni kwamba mahali seva inapokaa, iwe chini ya meza ya karani wa kituo cha afya au katika jengo moja la mbali, ni alama ya miaka ambayo mfumo ulibuniwa. Alama hiyo bado inaamua ni nani anayeweza kusoma jalada la mgonjwa siku mtandao unapokatika.

Kwanza vifaa vyenyewe, kwa ufupi. Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, kazi ya James Gosling na wenzake. Ahadi yake ilikuwa kwamba programu ikiandikwa mara moja itaendeshwa kwenye mashine ya aina yoyote. Tomcat, seva inayopokea maombi ya kivinjari na kuyapeleka kwenye programu ya Java, iliandikwa na James Duncan Davidson akiwa Sun, kisha mwaka 1999 ikakabidhiwa kwa Apache iwe programu huria. MySQL ilizaliwa Sweden mwaka 1995. Hifadhidata hii ilinunuliwa na Sun mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 1, na Sun nayo ikamezwa na Oracle mwanzoni mwa 2010. Kwa hiyo lugha na hifadhidata tunazofundishwa katika muhula mmoja zimekuwa mali ya bwana mmoja. Wahadhiri wetu hawalisemi hilo mara nyingi, lakini lina uzito wake, na nitalirudia.

Sasa kliniki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dawa za kupunguza makali ya VVU zilikuwa ghali kupita kiasi kwa Mwafrika wa kawaida. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kujaribu kuzisambaza, kupitia mradi wa majaribio wa UNAIDS ulioanza mwaka 1998, lakini waliofikiwa walikuwa wachache na wengi wao walijilipia. Mambo yalibadilika kuanzia 2003 na 2004, fedha za Mfuko wa Dunia na za mpango wa Marekani wa PEPFAR zilipoanza kuingia. Ghafla wagonjwa wakawa maelfu, na ugonjwa wao haukuwa wa kutibiwa wiki moja na kusahauliwa. Mtu anayetumia dawa hizi huzitumia maisha yake yote. Muuguzi anapaswa kujua alianza lini, anatumia mchanganyiko upi, uzito wake ulikuwa kilo ngapi mara ya mwisho, na je, amekosa miadi? Rejista ya karatasi hupangwa kwa tarehe, mstari baada ya mstari. Ukitaka kumfuatilia mtu mmoja kwa miaka mitatu, itakubidi ufungue kurasa za miaka mitatu.

Jibu lilianzia ng'ambo ya mpaka. Huko Mosoriot, kituo cha afya kilicho karibu na Eldoret, kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa zimewekwa katika kompyuta tangu 2001 kwa kutumia Microsoft Access. Kazi hiyo ilitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kuupanua mfumo huo, wakaona kwamba Access isingestahimili idadi ya wagonjwa waliokuwa wakija. Wakaanza upya kwa Java, Tomcat na MySQL. Matokeo yake ni OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwanda.

Jambo la kuangaliwa hapa ni umbo lake. OpenMRS ni programu ya wavuti: karani hufungua kivinjari, huandika anwani, hujaza fomu. Lakini mwaka 2006 Afrika Mashariki haikuwa na mkongo hata mmoja wa baharini. Intaneti ilikuja kwa satelaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Basi ilikuwaje watu wakachagua teknolojia ya wavuti mahali pasipo na mtandao? Ni kwa sababu wavuti hauhitaji dunia nzima. Unahitaji seva moja, nyaya chache na kompyuta tatu katika jengo moja. Anwani anayoandika karani haiendi London. Inakwenda chini ya meza, kwenye mashine iliyofunikwa kitambaa ili isiingie vumbi, ambako Tomcat inasikiliza katika lango namba 8080 na MySQL katika lango namba 3306. Vitabu vingi vya kiada huutaja mpangilio huu kama hatua ya mafunzo tu, yaani unaweka kila kitu kwenye mashine yako, ukishamaliza unapandisha kazi kwenye seva halisi. Kliniki zetu ziliichukua hatua hiyo ya mafunzo zikaifanya makazi ya kudumu, na kwa maoni yangu huo ni ubunifu ambao haujapewa heshima yake.

Uganda ilifuata njia hiyohiyo. Toleo letu la OpenMRS linaitwa UgandaEMR, na limelelewa na mpango wa METS ulio chini ya Shule ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Makerere. Nililiona likifanya kazi wakati wa mafunzo ya vitendo, katika kituo kimoja cha afya cha daraja la nne. Seva ilikuwa kompyuta ya kawaida ya mezani. Fundi aliyenielekeza hakuanza na Java. Alianza na soketi ya umeme.

Alikuwa na sababu. Waganda wenye umri wa kukumbuka hawajasahau miaka ya 2005 na 2006, kina cha Ziwa Viktoria kiliposhuka na mitambo ya Jinja ikashindwa kutosheleza nchi. Mgao ulikuwa mkali, mitaa mizima ikikaa gizani zamu kwa zamu. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilipokamilika mwaka 2012 lilipunguza makali ya mgao, lakini umeme kukatika hakukuisha. Kwa mtu anayeandika barua, umeme ukikatika hupoteza aya moja. Hifadhidata iliyokuwa katikati ya kuandika inaweza kupata madhara makubwa zaidi. Tuseme karani anamsajili mgonjwa: jina linakwenda katika jedwali moja, namba ya kliniki katika jingine, ziara ya leo katika la tatu. Umeme ukikatika baada ya la kwanza, unabaki na mtu asiye na namba, au namba isiyo na mtu.

MySQL ilikuwa na njia mbili za kuhifadhi majedwali. Ya kwanza, MyISAM, ilikuwa nyepesi na ya haraka, lakini haikujua kuyafunga maandishi kadhaa kuwa tendo moja. Ya pili, InnoDB, huandika kusudio lake katika logi kabla ya kugusa jedwali. Mashine ikizimika ghafla, ikiwashwa tena huisoma logi, humalizia yaliyothibitishwa na kufuta yaliyoachwa nusu. InnoDB haikuwa chaguo la msingi la MySQL hadi toleo la 5.5 mwaka 2010. Darasani tofauti hii huchukua dakika tano na swali moja la mtihani. Katika kituo kile ndiyo iliyotenganisha asubuhi ya kazi na asubuhi ya kumtafuta fundi.

Wakati kliniki zikijenga seva za chini ya meza, chini ya bahari kulikuwa na kazi nyingine. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kwetu tusio na pwani mawasiliano yalipita Kenya hadi mpakani, lakini yalifika. Na hapo ndipo mfumo wa pili unapoingia.

DHIS2 haihifadhi mgonjwa mmoja mmoja kama kazi yake ya kwanza. Ilijengwa kukusanya hesabu: wangapi waliugua malaria mwezi huu, watoto wangapi walichanjwa. Asili yake ni Afrika Kusini mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipoanguka na idara za afya zilizotengana zikahitaji takwimu za pamoja. Toleo lake la kwanza nalo lilikuwa Access. La pili liliandikwa upya kwa Java likiratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na hifadhidata yake siku hizi ni PostgreSQL. Ndugu wawili hawa, OpenMRS na DHIS2, wote walikimbia Access wakakimbilia Java na Tomcat, lakini walioa katika nyumba tofauti.

Kenya ilikusudia kuisimika DHIS2 wilaya kwa wilaya, kila moja na nakala yake. Wahusika walipojaribu modemu za simu za mkononi wakagundua kwamba mtandao mpya unatosha. Wakaachana na mpango ule na kuweka seva moja kwa nchi nzima. Seva hiyo, kwa muda, ilikuwa ya kukodi nje ya nchi. Uganda nayo ilianza mwaka 2011, na kufikia 2012 wilaya zote zilikuwa zikipeleka ripoti zao za mwezi kwa njia hiyo. Fomu ya HMIS 105, ambayo zamani ilisafiri kwa boda boda hadi ofisi ya wilaya, sasa hujazwa kwenye kivinjari na kuonekana Kampala siku hiyohiyo. Faida yake ni dhahiri: fundi mmoja akirekebisha kosa, amelirekebisha kwa nchi nzima.

Lakini seva moja ina mlango mmoja. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda, ikarudi tarehe 18. Mengi yameandikwa kuhusu siasa za siku zile na sitayarudia. Mimi naangalia waya tu. Kompyuta ya karani iliyounganishwa na mashine ya chini ya meza haikuwa na habari na mtandao wa nje. Iliyotegemea seva ya mbali haikuwa na pa kwenda. Watu waliobuni mfumo wa 2006 kwa sababu ya umaskini wa mtandao walikuwa, bila kukusudia, wameutayarisha kwa siku ambayo mtandao upo lakini umefungwa.

Turudi kwa mwanafunzi, kwa kuwa naye anajenga katika hali hizihizi. Maven hupakua kutoka hazina yake ya mtandaoni kila maktaba ambayo mradi unaitaka, na kila maktaba huita jamaa zake. Mara ya kwanza unapojenga mradi mkubwa kama OpenMRS unatazama bando likiyeyuka. Tangu Julai 2021 bando hilo lina ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018. (Katika maabara yetu msimbo wa programu huitwa "kodi", kwa hiyo Mswahili akipita mlangoni angedhani tunajadili ushuru huo siku nzima, na asingekuwa amekosea sana.) Dawa tuliyonayo ni flashi. Mmoja akishapakua, folda yake ya .m2 huzungushwa bwenini kutoka Kikoni hadi Wandegeya, kisha kila mtu huiambia Maven ifanye kazi bila mtandao. Sijaona kitabu kinachofundisha hatua hiyo, ilhali kwetu ni hatua ya kwanza kabla hata ya JAVA_HOME.

Suala la umiliki nalo ndilo hili. Januari 2019 Oracle ilianza kutoza malipo kwa masahihisho ya Java 8 yake kwa matumizi ya kibiashara. Hakuna kliniki iliyofungwa, kwani OpenJDK ilikuwapo, huria na bure. MySQL pia ina ndugu yake MariaDB, aliyejitenga mwaka 2009 baada ya habari za Oracle. Hivyo programu zenyewe ziko salama kuliko watu wanaozitunza. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mpango wa METS ulikuwa umejengwa kwa fedha za Marekani. Leseni huria inampa Mganda haki ya kuusoma na kuubadili msimbo wote. Haimlipi nauli ya kwenda kubadilisha betri ya akiba iliyokufa katika kituo cha kilomita 200.

Katika kituo nilichofanyia mafunzo, kila Ijumaa karani huchukua nakala ya hifadhidata, huiweka katika diski ya nje na kuifungia kabatini. Katika kabati hilohilo, rafu ya chini, zimo rejista za karatasi, na za mwaka huu zimejazwa hadi wiki hii.