Kutoboa Sikio na Kulinda Kidonda Mupaka Kipone

Tunapozungumuza juu ya mapambo ya zamani, watu wengi wanafikiria mara moja shanga, bangili za shaba na nywele zenye kusukwa. Tundu la sikio hawalihesabu, sababu linaonekana kuwa jambo dogo. Lakini kila tundu lilikuwa kidonda mbele ya kuwa pambo, na kidonda kinaomba mutu wa kukilinda. Tunataka kueleza hapa historia ya ulinzi ule, zaidi kuliko historia ya hereni zenyewe.

Tuanzie kaskazini ya inchi yetu. Katika mwaka wa 1870, musafiri Georg Schweinfurth alifika kwa mufalme Mbunza wa Wamangbetu. Aliandika kwamba wanaume na wanawake wa kule walikuwa wanatoboa sikio katikati, ndani ya bakuli lake, na kupitisha mule kijiti kinene kama sigara. Hawakutoboa ile nyama laini ya chini, yenye sisi tumezoea. Kisha yeye, Herbert Lang alipiga picha nyingi za watu hao, wakati wa safari ya makumbusho ya New York kati ya 1909 na 1915. Leo mutu akiziona anashangaa kichwa kirefu na nywele, sikio analipita. Hata hivyo, ni sikio ndilo linaonyesha ujuzi. Pale katikati hakuna nyama. Kuna gegedu, ile mufupa laini isiyokuwa na mishipa ya damu ndani yake. Inapata chakula kutoka ngozi inayoifunika, njo maana kidonda chake kinapona polepole sana: miezi 6, mara nyingine mwaka muzima. Watu wenye kufanya vile kwa wanaume na wanawake, bila dawa ya farmasi, hawakuwa watu wa kubahatisha. Kama masikio yangekuwa yanaoza, desturi ingekufa.

Kule Ituri, picha za mwanzo wa miaka ya 1900 zinaonyesha wanawake Wababira wenye kisahani cha muti katika mudomo wa juu. Kisahani kile hakikuingia siku moja. Walianza na kijiti chembamba, walingoja, kisha kinene kidogo, walingoja tena. Wengi wanapenda kusema kwamba wazee walifanya vile ili wanawake waonekane wabaya, na wenye kukamata watumwa wawaache. Sisi hatuamini sana hadisi hiyo. Pambo linaloanza na kijiti na kuongezwa polepole, miaka na miaka, halifanani na hila ya mutu anayekimbia. Linafanana zaidi na kazi ya kulea.

Sasa tushuke Maniema. Luga yenye tunaandika hapa ilipita njia ile ile ya misafara. Livingstone alifika Nyangwe katika 1871. Tippu Tip, mwana wa Zanzibar, alikaa Kasongo tangu karibu na 1875, na utawala wa Wangwana ulivunjwa na jeshi la Leopold II katika 1893. Pwani kulikuwa maneno mengi kwa jambo hili. Kutoboa sikio ni kutoga. Tundu la chini ni ndewe. Pambo la kujaza tundu ni jasi. Kidude cha puani ni kipini. Sisi huku tumeyapoteza karibu yote, tunasema tu "kutoboa", sawa vile tunatoboa debe.

Namna pwani walikuwa wanafanya, tunaijua kupitia mwanamuke mumoja mwenye cheo. Salme binti Said, mutoto wa sultani wa Zanzibar, alizaliwa katika 1844, akaolewa na Mujerumani na kuitwa Emily Ruete. Katika kitabu chake cha 1886 alieleza kwamba mutoto musichana alikuwa anatobolewa masikio siku ya saba, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri, mara nyingi matundu sita kila upande. Pete nzito za zahabu zilikuwa zinangoja. Zilivalishwa kisha miezi miwili hivi.

Tuangalie vizuri ile miezi miwili. Leo waganga wanasema kwamba nyama ya chini ya sikio inapona katika majuma 6 mupaka 8. Hesabu ni ile ile! Wanawake wa Zanzibar hawakuwa na daktari wa ngozi, lakini walikuwa wamekwisha kuona kwamba zahabu nzito juu ya kidonda kibichi inapasua sikio. (Siku ya saba, hapo hatukubaliane nao. Tutarudia neno hilo.)

Katika familia zetu pia wamama wanakumbuka uzi. Koko anapitisha sindano katika moto, anasugua sikio mupaka lilale, anatoboa, anafunga uzi, anapakaa mafuta kidogo. Asubuhi na mangaribi ni maji ya vuguvugu yenye chumvi. Uzi ukitoka, anaweka kijiti cha ufagio ili tundu lisizibe. Na mutoto hatoki machoni pake; kila siku anamwita, anamugeuza kichwa, anaangalia.

Tunapenda desturi, lakini hapana kupenda kwa kufunga macho. Maji ya chumvi ya koko yalikuwa mazuri kabisa, na ndiyo hata leo waganga wanashauri. Moto juu ya sindano ulisaidia nusu tu: unaacha masizi, hauui vijidudu vyote, na sindano moja kwa wasichana watano inaweza kubeba ugonjwa wa ini ao virusi vya SIDA kutoka mumoja mupaka mwingine. Tangu SIDA ilipotambuliwa kule Kinshasa katika 1983, tumefundishwa wembe wa kila mutu. Kwa sindano ya masikio somo lile lilichelewa. Uzi unanyonya maji na uchafu. Mafuta yanafunika kidonda na kukizuia kupata hewa. Na wale waliotia majivu ao udongo walifungulia tetanosi mulango. Hiyo tunaiacha bila huruma.

Kilichotusukuma kuandika ni jambo lingine. Leo musichana anaingia saloni, ao anasimama sokoni, kistole kinalia mara moja, analipa, anakwenda. Kistole kile cha plastiki hakiwezi kuingia katika otoklavu, moto wake ungekiyeyusha. Kinasukuma hereni isiyo na ncha kali kwa nguvu, na juu ya gegedu kinaweza kuiponda. Hata hivyo kila siku vijana, wavulana na wasichana, wanakitumia kwa sehemu ya juu ya sikio. Mwenye kutoboa hajui hata jina la mutoto. Akirudi na sikio limevimba, anaambiwa anunue alikoli.

Alikoli hapana. Maji ya oksijeni hapana pia, wala alikoli ya kienyeji. Vinachoma nyama mupya inayojaribu kujifunga, na kidonda kinarudi nyuma. Maji ya chumvi yanatosha: robo ya kijiko kidogo cha chumvi katika mililita 250 za maji yenye kuchemushwa na kupoa. Watu wanaongeza chumvi wakifikiri nguvu ndiyo dawa. Chumvi nyingi inakausha na kuunguza. Mutu anawa mikono kwanza kwa sabuni, analoweka kitambaa safi, anakiweka juu ya tundu dakika chache, mbele na nyuma, mara mbili kwa siku, kisha anakausha polepole. Hereni haizungushwe. Hapo wamama wanatubishia, sababu wote walifundishwa kuzungusha ili isishikane. Lakini kila kuzungusha kunavunja ngozi mupya na kuingiza uchafu wa vidole. Kuoga mutoni ao ziwani kungoje kwanza. Kitenge cha kichwa kinachogusa sikio na kitambaa cha muto wa kulalia vifuliwe mara kwa mara.

Hereni yenyewe ni nusu ya mambo. Zile za bei ya chini sokoni zinakuwa mara nyingi na nikeli, na nikeli inawasha ngozi ya watu wengi. Sikio linatoa maji miezi mingi na mutu anasema "damu yangu haipendi hereni". Zahabu ya kweli ao titani inafaa zaidi kwa tundu mupya.

Siku za kwanza, wekundu kidogo na maji meupe yanayokauka kama ganda si ugonjwa. Lakini joto linaloongezeka, uvimbe unaotembea, usaha wa kijani ao manjano wenye harufu, ao homa, hayo ni mambo ya kituo cha afya siku ile ile, zaidi kama ni sikio la juu. Pale vijidudu vinaweza kula gegedu, na sikio linabaki limejikunja, halirudie umbo lake. Tena mutu asitoe hereni yeye mwenyewe: tundu linaweza kuziba na kufungia usaha ndani. Muganga ndiye anaamua.

Kuna pia kovu linaloota na kupita mipaka ya kidonda, keloidi, lenye kuonekana zaidi kwa ngozi nyeusi. Mara nyingi linapita katika ukoo. Kama mama ao tantini analo, afazali musichana aulizie muganga mbele ya kukaa kwenye kiti, na kwa sikio la juu aache kabisa. Wamama wakubwa wanajua nani katika familia "anaota makovu". Inafaa tuwaulize wangali hai.

Turudie sasa siku ya saba. Mutoto muchanga hana bado kinga yake mwenyewe, na chanjo ya tetanosi anaipewa katika juma la 6, la 10 na la 14. Tukipanga kutoboa kisha juma la 14, na kuhesabu majuma 8 ya maji ya chumvi, hereni za sherehe zitavaliwa mutoto akiwa na miezi mitano na zaidi kidogo. Koko angeona kwamba tumechelewa, lakini ile kazi ya kuangalia kila asubuhi angeifanya vilevile.