Hongo Kabla ya Kuwa Aibu

Msomaji wa leo akikutana na neno "hongo" katika masimulizi ya misafara ya karne ya 19, mawazo yake hukimbilia bahasha inayopenyezwa chini ya meza. Hapo watemi wa Ugogo, waliotoza hongo hiyo, wameshahukumiwa kabla ya kusikilizwa.

Katika njia ya Bagamoyo kwenda Tabora, hongo ilikuwa ushuru. Ugogo ni nchi kame. Maji yalikuwa na wenyewe, na msafara wa mamia ya wapagazi ungeweza kukausha kisima cha kijiji kizima. Wajumbe wa mtemi walikaa na wenye msafara wakavutana doti kwa doti, yaani mikono minane ya merikani au kaniki, pengine siku nzima. Yakitimia makubaliano, njia ilifunguliwa. Mambo yote hayo yalifanyika mchana kweupe. Msafiri Stanley, aliyepita mwaka 1871, aliinung'unikia hongo karibu kila kituo, lakini manung'uniko ya mlipaji ni ushahidi wa upande mmoja tu.

Mwaka huohuo Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, aliudai ushuru msafara uliokuwa ukielekea Ujiji, akapokea baruti, bunduki na nguo, kisha akaukatalia njia. Waarabu wa Tabora wakaingia vitani dhidi yake. Waliyemkasirikia hasa ni mtemi aliyekula hongo asitimize ahadi, na hapo ndipo mtu anapoona kwamba hongo ilikuwa mkataba.

Wajerumani walimshinda mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893. Reli ikafika Tabora mwaka 1912. Hivyo mtemi akaondolewa kwenye neno hongo, na kisima kikaondolewa pia. Kilichobaki ni mtu aliyezuiwa na kitu anachotoa ili apite. Neno posho nalo lilihama maana, ingawa kwa upole zaidi: posho ilikuwa chakula cha mpagazi, leo hata mheshimiwa wa kikaoni anaidai.

Kwa hiyo mshairi anayeandika "hongo" mahali pa "rushwa" hafuati mizani peke yake, maana mizani ingetimia kwa maneno yote mawili. Rushwa limezoea mahakama na mabango ya ofisini. Hongo limetoka njiani: ndani yake kuna kizuizi, mabishano, na mtu mwenye haraka. Uhusiano huo wa neno na njia kamusi huutaja kwa nusu mstari, au huuacha kabisa, na mhakiki anayeishia kwenye kamusi atamkosa mshairi huyo.

Mtaani, hata hivyo, maana ya zamani haijafutika yote. Kijana anayemnunulia msichana zawadi huambiwa "anamhonga", na wasemao hivyo hucheka. Hakuna anayefikiria polisi. Anayetoa anataka kufunguliwa njia, na kila mmoja anajua anachotoa na anachokitarajia. Zawadi yenyewe ikiwa khanga, muuzaji atamuuzia kwa jina lilelile la kipimo cha msafara: doti.