KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA: HISTORIA YA WALIMU WALIOKAA PAMOJA

 

Unajua vizuri kwamba neno la kwanza kumshukia Mtume wetu (s.a.w.), katika mwezi huu huu wa Ramadhan, lilikuwa amri ya kusoma. Na baada ya vita vya Badr, vilivyopiganwa Ramadhan ya mwaka wa 2 Hijria, imepokewa katika sira kwamba mateka waliojua kuandika walipewa njia ya kujikomboa: kila mmoja afundishe watoto 10 wa Madina. Hebu ifikirie hiyo hesabu. Mwalimu mwenye watoto kumi anamjua aliyeelewa na anamjua ambaye bado.

Sasa njoo kwetu Tetu. Waislamu huku mlimani ni wachache. Mtoto anaenda shule Jumatatu hadi Ijumaa, wikendi na likizo anaenda madrasa. Mimi nilisoma na kijana mmoja aliyekuwa amehifadhi Juzuu Amma yote, mpaka ustadh alikuwa akimwachia atusikilize sisi wengine. Lakini shuleni kijana yule yule alikuwa anavuta mkia. Aliwekwa dawati la nyuma, akaitwa mzito, na alipofika darasa la sita akaacha shule. Mwalimu wake hakuwahi kujua kwamba kichwa kile kimebeba sura 37. Ustadh naye hakujua kwamba hesabu zinamshinda. Walimu wawili, mtoto mmoja, na hata hawajawahi kusalimiana!

Kumbe jambo hili lina historia, na wenzetu wa Mombasa walilishughulikia kabla mimi sijazaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani walikuwa na uchungu. Watoto wao walikuwa nyuma shuleni, na wachache mno walifika chuo kikuu. Mwaka 1982 walimwomba Aga Khan msaada, na shirika lake la Aga Khan Foundation likaanza kutafuta mzizi wa tatizo. Ikaonekana kwamba watoto wengi walisoma Qur'ani vizuri chuoni, lakini waliingia darasa la kwanza bila maandalizi ya nasari ambayo wenzao walikuwa nayo. Yaani walianza mbio wakiwa wameshaachwa.

Kazi akakabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu wa Mombasa. Mwaka 1986 shule ya kwanza ya awali ya madrasa ikafunguliwa Liwatoni. Humo mtoto alisoma dini, akacheza, akahesabu na kujiandaa kwa darasa la kwanza, yote chini ya paa moja.

Lakini ndugu yangu, nataka uangalie zaidi jinsi walimu walivyofunzwa. Walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, na wengi hawakuwa na cheti cha ualimu. Walipewa mafunzo katika kituo, kisha hawakuachwa peke yao. Mkufunzi aliwafuata mpaka darasani, akakaa, akatazama, halafu wakazungumza pamoja: nani ameshika, nani amekwama, tufanyeje kesho. Ziara hizo ziliendelea kwa miaka miwili hivi. Jamii nayo ilitia sahihi mkataba, ikaunda kamati ya shule, na vifaa vya kuchezea vikatengenezwa kwa vitu vya mtaani kama vifuu vya nazi na vizibo vya soda. Kwa hiyo mtoto aliyekwama hakuwa tena mzigo wa mwalimu mmoja. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na katika miaka ya 2000 shule zake zilikuwa zimepita 200 katika nchi zote tatu.

Serikali yetu pia ilipita njia inayofanana. Mwaka 2001 ilianzisha mafunzo ya walimu wakiwa kazini, yaliyojulikana kama SbTD. Katika shule za msingi za umma walichaguliwa walimu wa Kiingereza, hisabati na sayansi, wakasoma kwa njia ya masafa bila kuacha madarasa yao, na wakatakiwa kuwagawia wenzao waliyojifunza. Halafu Januari 2003 ikaja elimu ya msingi bila malipo. Wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Zile hesabu za Badr hazikuwezekana tena. Mwalimu mwenye watoto 70 peke yake atamwonaje yule wa dawati la nyuma?

Utaniambia, hayo ya Mombasa yalikuwa na wafadhili, sisi hatuna. Ni kweli. Kituo na wakufunzi ni pesa. Tena ustadh wetu anapata kidogo, na mwalimu wa shule ana lundo la madaftari ya kusahihisha. Lakini walimu wawili kukaa nusu saa wakimzungumzia mtoto mmoja, hilo linahitaji mfadhili gani?

Na sisi tuna bahati. Chuo cha walimu cha Kamwenja kiko hapa hapa Tetu. Vijana wanasomea ualimu karibu na milango yetu, na sisi hatujawakaribisha hata siku moja waje kuwaonyesha walimu wetu wa madrasa jinsi ya kumsaidia mtoto anayechelewa kuelewa.

Basi mzazi, kabla Ramadhan hii haijaisha, fanya hivi. Mwalike ustadh futari. Mwalike na mwalimu wa darasa wa mtoto wako, hata kama si Mwislamu. Uji na viazi vitamu havimkatai mtu. Kisha waulize wote wawili swali moja: mtoto wangu anaweza nini, na anakwama wapi?

Rafiki yangu yule hakupata futari ya namna hiyo. Leo ni mtu mzima, na Juzuu Amma yake bado anayo. Lakini darasa la saba hakuliona. Tusimwache mwingine.

Wabillahi tawfiq.