Tarehe ya Kuzaliwa: Baina ya Unguja na Tunduma

Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, baina ya Uingereza na Ujerumani, sisi watu wa visiwani tunaujua kwa jambo moja: ndio ulioiweka Unguja na Pemba chini ya himaya ya Waingereza. Ni wachache kati yetu waliopata kukisoma kifungu chake cha kwanza. Humo hautajwi mkarafuu wala bandari, hutajwa mto Songwe. Mpaka, chasema kifungu hicho, utaupanda mto huo kutoka Ziwa Nyasa hadi unapokutana na nyuzi 33 za mashariki, kisha utaelekea Ziwa Tanganyika. (Mito yenye jina hilo ni miwili, mmoja humwaga maji yake Nyasa, mwengine Rukwa. Wa Berlin ni ule wa Nyasa.) Juu ya mstari huo, uliochorwa na watu ambao hawakupata kuukanyaga, ndipo ulipokuja kukua mji wa Tunduma.

Hivyo karatasi moja ilitufunga pamoja sisi na Wanyamwanga na Wanyiha wa kule. Lakini palikuwapo na fungamano la zamani zaidi, nalo ni njia waliyopitishwa watoto.

Katika karne ya kumi na tisa, ukanda ule ulio baina ya maziwa mawili ulikuwa uwanja wa mateka. Waliovamiwa walichukuliwa na makundi mbalimbali, wakauzwa kwa misafara iliyoelekea pwani, na wengi katika waliochukuliwa walikuwa wanawake na watoto. Mtoto alipendelewa kwa sababu isiyohitaji elimu kubwa kuielewa: husahau njia ya kwao upesi, na lugha ya bwana wake hujifunza upesi zaidi. Sayyid Barghash alitia saini tarehe 5 Juni 1873 mkataba wa kulifunga soko la Unguja na kuizuia biashara ya watumwa baharini. Huko bara biashara ile haikukoma. Watoto waliendelea kupita mkono kwa mkono kwa miaka ishirini na zaidi.

Baadhi yao waliishi wakasimulia. Bibi Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoravian aliyeishi miaka mingi kusini-magharibi mwa Tanganyika, aliandika kwa Kijerumani maisha ya watu waliopatwa na mambo hayo, miongoni mwao Narwimba na Chisi. Upande wa pili wa mpaka yamehifadhiwa maisha ya Mama Meli, aliyetekwa angali mdogo na kukombolewa baada ya msafara uliomchukua kuzuiwa, akalelewa na wamisionari wa Kawimbe. Mwanahistoria Marcia Wright aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu kimoja mwaka 1993. Nilipoyasoma nilishikwa na jambo dogo ambalo tangu hapo halijaniacha. Katika habari zote hizo, mtoto hutajwa akiwa mateka, hutajwa akiwa fidia ya kosa la mtu mzima, hutajwa akiwa rehani. Umri wake ni wa kukisiwa. Bei yake ilijulikana. Mwaka aliozaliwa haukujulikana.

Na lugha yetu hii tunayojivunia nayo ina ushahidi wake. Kijakazi ni mjakazi mdogo, na kitwana ni mtwana mdogo. Hayo ni maneno ya kumtaja mtoto. Lakini kijakazi aliweza kuzeeka katika nyumba, akatia mvi, na bado akaitwa kijakazi. Ule udogo uliokuwa wa miaka ukageuka kuwa wa daraja. Mwenye kutafsiri sheria za leo kwa Kiswahili hukutana na taabu hiyo hiyo kwa upande wa pili: mtoto, katika maneno yetu, ni mtoto wa fulani kabla hajawa mtu wa miaka kadhaa.

Turudi Unguja. Mnamo Septemba 1889 Sayyid Khalifa aliafikiana na Waingereza kwamba kila mtoto atakayezaliwa katika milki yake baada ya tarehe 1 Januari 1890 awe huru. Maneno hayo yalitiwa saini. Hayakutangazwa. Akafa Khalifa Februari 1890, akaja Sayyid Ali na amri yake ya tarehe 1 Agosti, na ile ahadi ya watoto ikabakia katika makaratasi. Hata lau ingalitangazwa kwa ngoma na mbiu, mama angalisimamaje mbele ya kadhi kuthibitisha kuwa mwanawe kazaliwa mwezi wa Februari wala si Novemba iliyotangulia? Wajerumani nao, mwaka 1904, waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Uhuru wa mtu ukategemea siku moja ya kalenda, katika nchi ambayo vijiji vyake havikuwa na daftari la kuandikia siku hiyo.

Tamko la Geneva la mwaka 1924 juu ya haki za mtoto nalipitia kwa haraka, ingawa Tanganyika wakati huo ilikuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa lililolipitisha. Lilikuwa tamko la huruma. Sheria yenyewe ilikuja tarehe 20 Novemba 1989, miaka mia moja na miezi miwili baada ya saini ya Khalifa, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Kifungu cha saba kinataka mtoto aandikishwe mara tu azaliwapo. Kifungu cha kwanza chasema mtoto ni aliye chini ya miaka kumi na minane, kisha chafungua mlango wa nyuma: isipokuwa sheria ya nchi imempa utu uzima kabla ya hapo. Ndoa za watoto haukuzitaja kwa jina. Aliyezitaja ni Mwafrika mwenyewe, katika Mkataba wa Afrika wa 1990, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2003: miaka kumi na minane, na kila ndoa iandikishwe.

Tanzania Bara ikatunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na Zanzibar yake mwaka 2011. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Bara, ilimruhusu msichana wa miaka kumi na mitano kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa kumi na minne kwa idhini ya mahakama. Rebeca Gyumi aliipeleka mbele ya Mahakama Kuu, akashinda Julai 2016, na Serikali ikapewa mwaka mmoja kuirekebisha. Mwaka ukaisha, kifungu kipo palepale. Mahakama ya Rufani ilimthibitishia ushindi wake Oktoba 2019. Mwezi huo huo marais wa Tanzania na Zambia walifungua Tunduma kituo cha pamoja cha forodha, ili malori yasikawie.

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika wasichana wa mkoa huo wenye miaka 15 hadi 19, asilimia 45 walikwisha kupata ujauzito. Kwa nchi nzima ni asilimia 22, na hakuna mkoa uliozidi Songwe. Sisemi kwamba cheti kingalizuia hayo yote. Umasikini hausomi vyeti. Lakini askari wa dawati la jinsia na watoto, au mwalimu wa skuli, anayetaka kuzuia harusi, huulizwa swali moja kwanza: una hakika gani kuwa huyu hajafika? Na katika mji ambao nusu ya soko lake lipo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwenye kutaka kulikimbia swali hilo hahitaji kwenda mbali.

Mwaka 2013, Songwe ingali sehemu ya Mbeya, mkoa huo ulianza kuandikisha watoto walio chini ya miaka mitano bila ya malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikipelekwa kwa simu ya mkononi. Cheti chenyewe huandikwa kwa mkono na kutolewa papo hapo. Msichana aliyezaliwa Tunduma mwaka ule, mama yake akakipokea na kukikunja ndani ya kanga, atatimiza miaka kumi na mitano mwaka 2028, na kumi na minane mwaka 2031.