Ububu katika Zama za Sauti: Mahjub bin Adam na Filamu za Kijerumani, 1934–1941

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa filamu huigawa sanaa hiyo katika vipindi viwili: kipindi cha filamu bubu, na kipindi cha filamu za sauti kilichoanza mwishoni mwa miaka ya 1920. Mgawanyo huu unamfaa mwigizaji wa Ulaya. Je, unamfaa pia Mwafrika aliyeigiza huko? Katika makala haya tunadai kwamba haumfai. Mfano wetu ni Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Filamu ilikwisha kupata sauti alipoanza kuigiza, lakini yeye aliendelea kuwekwa katika ububu, na sababu za ububu huo zilikuwa za kisiasa.

2.0 Kutoka Dar es Salaam hadi Berlin

Mahjub alizaliwa tarehe 22 Februari 1904. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, naye mwana akaingia jeshini angali mtoto, akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa mwezi Oktoba 1917. Baada ya vita alifanya kazi ya uhudumu melini. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Serikali ilimjibu kwamba dai limechelewa. Ili apate riziki, akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba maarufu la starehe; na tangu 1931 akawa pia msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha mji huo.

3.0 Sura ionekanayo, ulimi usiosikika

Waafrika walikuwa wamekwisha kuonekana katika filamu bubu za Kijerumani. Mathalani, Louis Brody, mzaliwa wa Duala, aliigiza katika *Der müde Tod* ya Fritz Lang (1921). Mahjub alianza mwaka 1934 na *Die Reiter von Deutsch-Ostafrika*, akaonekana katika filamu zipatazo ishirini na zaidi, ikiwamo *Zu neuen Ufern* (1937). Aghalabu alipewa nafasi ndogondogo zisizohitaji maneno mengi. Yafaa tukumbuke kwamba mtu huyu alikuwa mwalimu wa lugha: chuo kilikodi ulimi wake, studio ikakodi sura yake.

Uhusika wake mkubwa zaidi ulikuwa katika *Carl Peters* (1941) ya Herbert Selpin, ambamo aliigiza kama Ramasan, kiongozi wa njia wa Peters. Peters wa historia ndiye aliyekusanya mikataba ya Usagara na jirani zake mwaka 1884, na aliyefukuzwa utumishini mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili wake Kilimanjaro. Filamu hiyo ilikusudiwa kumtakasa. Kwa hiyo Mahjub alipopewa nafasi kubwa hatimaye, alipewa ile ya kumwongoza mtwaaji wa nchi yake mwenyewe.

4.0 Kibaraka au mdai?

Msomaji ataweza kuuliza kama Mahjub hakuwa kibaraka tu. Tunaona kwamba jibu la haraka litapotosha. Aliomba nishani ya askari wa vita vya kwanza, akanyimwa. Akajinunulia nishani na sare, akazivaa hadharani. Wakereketwa wa ukoloni waliiona sare hiyo kuwa alama ya utiifu. Lakini ikisomwa pamoja na dai la 1929, yaweza pia kusomwa kama hati ya deni lisilolipwa. Mhusika huyo aliyevaa sare hakuandikiwa na mwongozaji yeyote.

Dola haikumvumilia nje ya nafasi iliyomgawia. Mwaka 1941 Gestapo walimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani mweupe, wakampeleka katika kambi ya Sachsenhausen pasipo kesi. Alifariki huko tarehe 24 Novemba 1944.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2007 jiwe la kumbukumbu liliwekwa Berlin kwa jina lake, na mwaka 2013 Eva Knopf, katika filamu yake *Majubs Reise*, aliviunganisha vipande ambamo Mahjub hupita nyuma ya waigizaji wakuu. Sisi wa taaluma ya Kiswahili tuna wajibu wetu pia. Historia ya ufundishaji wa lugha hii Ulaya imezoea kuwataja waandishi wa sarufi. Wasemaji waliowatamkia wanafunzi maneno hayo nao wana haki ya kutajwa, na Mahjub bin Adam ni mmoja wao.