Mboga kabla ya mvua: Mbinga na mwambao wa Nyasa hazina kalenda moja

Kila Oktoba joto likianza, swali linaloingia zaidi kwenye simu ya studio ni hili: nisie mbegu sasa au nisubiri mvua? Jibu linategemea unapiga simu kutoka wapi. Mbinga mjini hadi Mbamba Bay hazifiki kilomita 70, lakini unashuka kutoka milima ya Umatengo, juu ya meta 1,000, hadi ziwani kwenye meta 475 hivi. Koti ulilovaa asubuhi Litembo unalishika mkononi ukifika Liuli. Mboga nazo zinaijua tofauti hiyo.

Ruvuma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo Oktoba ni mwezi wa kitalu. Miche ya chainizi, sukumawiki na kabichi hukaa kitaluni wiki 4 hivi. Ukisia katikati ya Oktoba na kumwagilia mwenyewe, mvua itaikuta tayari. Anayesubiri mvua ndipo asie, chainizi ataila Januari, na wakati huo ghala nalo limeshapungua.

Ila mvua ya kwanza isikudanganye. Inaweza kunyesha siku mbili, kisha jua likarudi kwa wiki nzima au zaidi. Niliwahi kuhamisha kitalu chote jioni ya mvua ya kwanza, nikabaki na vijiti vikavu na sina fedha ya pakiti nyingine. Siku hizi nahamisha nusu, nyingine inasubiri.

Tuta la kitalu liwe na upana wa meta 1, ufike katikati bila kulikanyaga. Changanya samadi iliyooza vizuri. Mbegu ndogo zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane, sia kwa mistari ya sentimeta 15, funika kwa udongo mwembamba, kisha nyasi. Mbegu zikichomoza tu, ondoa nyasi na uweke kichanja cha kivuli. Ukichelewa, miche hurefuka na kulegea. Miche iliyobanana na kuloweshwa mno hupata kinyausi, inakatika shingoni na kulala. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji, na uhamishe jioni.

Huko milimani kabichi, chainizi, karoti na njegere zinapenda baridi yenu. Nyanya ndizo za kuogopa, kwa sababu mvua na ukungu huleta bakajani, na shamba linaweza kuungua kwa siku chache. Za kula nyumbani panda chache, ziwekee vijiti, ondoa majani yanayogusa udongo. Za kuuza ni heri zisubiri mvua iishe, uzilime bondeni.

Wamatengo wana ngolo: nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati huchimbwa na kuzifunika, shimo likabaki kupokea maji. Bustani inaweza kuazima wazo hilo. Zika nyasi pamoja na samadi wiki kadhaa kabla ya kupanda, maana nyasi zisizooza hunyang'anya mimea chakula.

Mwambaoni, Lituhi hadi Mbamba Bay, kabichi mara nyingi haifungi kwa joto. Msihangaike nayo. Mna bamia, mchicha, matembele, kunde, ngogwe na majani ya maboga. Mchicha huchumwa baada ya wiki 3 au 4. Bamia iloweke usiku mmoja, isie moja kwa moja bustanini, sentimeta 60 kati ya mistari na 30 kati ya mashina. Baada ya miezi 2 hivi unavuna. Mchanga haushiki maji, kwa hiyo kabla ya mvua tengeneza vitanda vya kuzama, tandaza nyasi, mwagilia asubuhi na jioni. Mvua zikishika, inua matuta.

Pakiti ya dukani iwe na lebo ya TOSCI, na usome tarehe. Mbegu ya akiba ijaribu: funga punje 20 kwenye kitambaa kibichi kwa wiki moja. Zikiota chini ya 10, tafuta nyingine. Halafu zungushia miiba au chandarua kilichochakaa kabla hujasia, kwa sababu kuku wa jirani hawasubiri mche ukomae.